Samli ya Mawifi

Asubuhi ya Hedaru huanza kwa honi za malori barabarani. Lakini nyumbani kwa Eliezeri, fundi baiskeli, asubuhi ilianza kwa mabakuli.

Bakuli la kwanza lilikuwa la Raheli, dada mkubwa wa Eliezeri. Lilijaa uji mzito wa maziwa, na samli ilielea juu yake. Bakuli la pili alilileta dada wa kati. Hilo lilikuwa la makande yaliyoungwa kwa mafuta mengi. La tatu lilitoka kwa dada mdogo, ndizi na nyama yenye shahamu. Na wote watatu walisimama mlangoni mpaka mlaji amalize.

"Kula, wifi," Raheli alisema. "Usituaibishe."

Mlaji alikuwa Asnath, mke wa Eliezeri. Majirani walimwita Mama Bahati.

Mwaka uliotangulia Asnath aliugua kifua kikuu. Alikohoa damu. Alikonda mpaka pete ikawa inamdondoka kidoleni. Alichukuliwa kutoka kwa mama yake, alikokwenda kuuguzwa, akalazwa hospitali kwa muda mrefu, akichomwa sindano na kumeza vidonge. Waliokwenda kumwona walirudi wakinong'ona. Wengi walikuwa wamekwisha kata tamaa.

Asnath mwenyewe hakukata tamaa, na sababu ilikuwa ndoto. Kila alipofumba macho aliota anapanda njia ya kwenda Chome, kwao alikozaliwa, huko juu kabisa karibu na msitu wa Shengena. Katika ndoto ukungu ulikuwa mweupe na mzito. Majani yaliyolowa yalimgusa miguu. Maji ya mfereji yaliteremka pembeni yakinong'ona maneno asiyoyaelewa, lakini alijua ni maneno mazuri. Hakuchoka wala hakukohoa. Alipanda tu, taratibu, na huko juu mama yake alikuwa akimwita kwa jina. Kisha muuguzi alimwamsha ili ameze dawa. Alizimeza haraka haraka apate kurudi njiani.

Akapona. Alimaliza dawa zote bila kuruka hata siku moja. Daktari akafurahi, akamwambia, "Nenda nyumbani, Mama. Ukale vizuri."

Mawifi wakalishika neno moja tu katika maneno yale: ukale.

Nyumbani kwa akina Eliezeri ilikuwa desturi. Mtu akirudi kutoka ugonjwa mkubwa, dada za mume humlisha. Hapiki, hachoti maji, hashiki jembe. Mbiu ya msaragambo ikilia, watu wote wakienda kwenye kazi ya pamoja, yeye hubaki kitini. Nayo ni desturi ya upendo, tusiidharau. Asnath alirudi mifupa mitupu. Mabakuli yale ndiyo yaliyomrudishia nguvu za kusimama.

Ila desturi ilisema lini kuanza. Haikusema lini kuacha.

Mavuno yalikuja, yakapita. Mashavu ya Asnath yakajaa. Magauni yakakataa kufungwa. Mabakuli yakazidi kuja. Kwa nini? Kwa sababu kila wifi aliogopa kuwa wa kwanza kuacha. Wa kati alijisemea, "Nikiacha mimi, watasema nina roho mbaya." Mdogo alijisemea vivyo hivyo. Na Raheli ndiye mkubwa, angeachaje kabla ya wadogo zake? Basi samli ikamiminwa tu, na Asnath akala ili asiwaudhi. Jamani, heshima nayo hunenepesha!

Mchana alikaa nyuma ya nyumba, na kwa shibe usingizi ukamchukua. Ndoto ya Chome ilikuja bado, lakini ilikuwa imebadilika. Ukungu ulikuwepo, na njia ilikuwepo. Yeye alisimama chini, hawezi kuinua mguu. Njia ilipanda peke yake bila yeye, ikaingia kwenye ukungu. Sauti ya mama ilizidi kuwa mbali. Asnath aliamka machozi yamemtoka, asijue amwambie nani.

Siku moja ya soko, Hezroni, kaka yake Asnath, aliteremka kutoka Chome na mzigo wa magimbi. Alipita kumsalimia dada yake. Alimtazama, akacheka kwa furaha. Kisha kicheko kikaisha.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Asnath, mama anakulilia."

"Ananililia? Mimi si nimepona!"

"Sisi tunajua umepona. Mama haamini. Unajua macho yake hayaoni tena, na miguu yake haiwezi kuteremka mlima. Tunamwambia, Asnath yuko Hedaru, mzima. Anatuuliza, 'Kama ni mzima, mbona haji?' Anasema ulifia hospitali, tukakuzika, tukamficha."

Asnath alishika kifua. "Mama anadhani nimekufa?"

"Amekwisha amini hivyo. Chakula anaonja tu. Dada yangu, sijui kama atafika mvua zijazo."

Asnath hakungoja. Alijifunga kanga, akamwambia mumewe, "Baba Bahati, nakwenda kwetu." Lori la kupanda milimani lilikwenda kwa nadra, tena liliishia mbali. Kutoka hapo ni miguu tu. Basi akaanza safari kwa miguu pamoja na Hezroni.

Hawakufika mbali. Mwinuko wa kwanza tu ulimshinda. Moyo ulimdunda. Pumzi ilikata. Magoti yaliuma. Alikaa juu ya jiwe akihema, na hofu ya zamani ikamjia.

"Kaka, ugonjwa umerudi," alisema.

Hezroni alimpa maji, akamrudisha hadi kwa mumewe. Kisha akapanda peke yake, kichwa chini. Asnath alimtazama mpaka akapotea kwenye miti. Alilia kwa sauti bila kujali nani anamsikia.

Raheli alifika mbio. "Si tulisema? Bado hujapona! Mlima na wewe wapi na wapi? Ngoja nikuongezee samli."

"Sitaki, wifi."

"Hutaki?" Raheli alishika kiuno. "Makubwa!"

Asnath alifikiri peke yake. Akaamua kujinyima. Mabakuli yalipoletwa, aliyapokea kwa adabu, akawapa watoto wa jirani. Yeye alikunywa maji ya ndimu na chai ya rangi. Alidhani mwili utapungua upesi, naye atapanda kwa mama. Kichwa kikaanza kumwuma. Mikono ikatetemeka. Asubuhi moja, akiwa amekwenda kuwasalimu wenzake bombani, dunia ilizunguka, akaanguka chini.

Eliezeri alimbeba kwenye baiskeli hadi zahanati ya kijiji. Muuguzi wa pale aliitwa Jenoveva. Watu walimwita Nesi. Alikuwa mama mcheshi lakini hapendi mchezo na afya ya mtu.

Nesi Jenoveva alimpa Asnath uji mwepesi kwanza. Macho yalipotulia, alimpima. Alisikiliza kifua mbele na nyuma. Alibonyeza miguu kwa kidole gumba, aone kama ni uvimbe wa maji. Haukuwa uvimbe. Akachukua na makohozi yake ili yakapimwe.

"Unakohoa?" aliuliza.

"Hapana, Nesi."

"Homa za jioni? Jasho la usiku?"

"Sina."

"Tutangoja majibu ya makohozi. Majibu yakija, njoo na Baba Bahati."

Siku zile za kungoja zilikuwa ndefu. Asnath alikula kidogo kama alivyoagizwa, na alisali sana. Majibu yalipokuja, Nesi aliwakalisha wote wawili kwenye benchi.

"Makohozi ni safi. Kifua kikuu hakijarudi," alisema. Eliezeri akashusha pumzi ndefu. "Mama Bahati, kinachokukatia pumzi ni uzito. Na kifua kilichougua vile hakiwi chepesi kama zamani. Kinahitaji mazoezi, na wewe umekikalisha kitini."

"Lakini daktari alisema nile."

"Alisema kweli. Ulikuwa umekwisha. Bila chakula kile usingepona. Hebu niambie, ukichota maji, debe likajaa, ukaendelea kumimina, inakuwaje?"

"Maji yanamwagika."

"Basi mwili haumwagi. Unaweka. Unaweka tumboni, unaweka mgongoni, unaweka mapajani. Halafu wewe unabeba vyote ukitembea."

Eliezeri alicheka, kisha akajizuia kwa kumwogopa mkewe.

"Na ndiyo maana nikaacha kula," Asnath alisema.

"Hapo ndipo ulipokosea, mama yangu!" Nesi alipiga meza. "Mtu aliyetoka kwenye kifua kikuu hajinyimi chakula. Mwili ukidhoofika, ugonjwa hupata mlango. Utakula asubuhi, mchana na jioni, bila kuruka. Ila bakuli liwe dogo. Mboga za majani ziwe nyingi, mnafu, mchicha, chochote cha shambani. Maharage usiache, na matunda. Maziwa kunywa, lakini samli na shahamu na sukari viwe kidogo sana. Ukishiba, simama. Usile kwa sababu mtu amesimama mlangoni."

"Na mlima?"

"Mlima utaupanda. Ila mwili haunenepi kwa siku moja, na haupungui kwa siku moja. Anza na tambarare, kila siku. Tembea na mtu, mzungumze. Mkiweza kuzungumza huku mnatembea, mwendo ni mzuri. Maneno yakikatika, punguza mwendo. Siku hadi siku utakwenda mbali zaidi. Na nikwambie jambo kubwa. Ukiona kikohozi kisichoisha, au homa, au unakonda ghafla bila kujua sababu, usinyamaze. Njoo hapa hapa."

Asnath aliinama. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nesi, kutembea nitaweza. Kinachonishinda ni mawifi."

Nesi Jenoveva alifunga mlango wa zahanati jioni, akafika mwenyewe kwa Eliezeri. Mawifi watatu walikuwa wamekaa kwenye mkeka, nyuso zimekunjwa. Watoto wa jirani walikuwa wamesema samli inakokwenda.

"Yaani mimi nanyima wanangu samli, yeye anagawa!" Raheli alifoka. "Kama chakula chetu kinanuka, atuambie."

"Dada, samli yenu ilimrudisha huyu," Nesi alisema kwa upole. "Mimi nilimwona siku aliyoteremshwa kwenye lori, akitoka hospitali. Mlifanya kazi kubwa. Lakini kazi hiyo imekwisha. Sasa inaanza kumharibu."

"Tukiacha, watu watasema tumemchoka."

"Nani wa kwanza kusema hivyo?"

Mawifi walitazamana. Kila mmoja alikuwa amewaogopa wenzake wawili waliokaa naye mkekani.

Asnath alipiga magoti mbele yao. "Wifi zangu, nawapenda. Mngeniacha, ningekufa. Lakini mama yangu ananililia nikiwa hai. Kila bakuli mnaloniletea linaniweka mbali naye. Nisaidieni nifike."

Raheli aligeuza uso. Alijifuta kwa ncha ya kanga.

"Mama yako anadhani umekufa?"

"Ndiyo, wifi."

"Na wewe umekaa hapa unakula uji wangu!" Raheli alisimama. "Basi tunaacha wote leo, kwa pamoja, asiwepo wa kusemwa. Na kesho asubuhi badala ya bakuli naleta miguu. Tutatembea. Nikiona unalegea nakuburuza."

Kesho yake alikuja kweli. Walitembea kando ya barabara wakati hewa bado ni baridi. Milima ilikuwa imejifunika ukungu mpaka kiunoni. Raheli alianza kusimulia habari za kijiji, nani kaposwa, nani kafumaniwa, nani kala mbegu za shamba la ujamaa. Ghafla maneno yakamkatika. Akasimama, mkono kifuani.

"Nesi alisema maneno yakikatika tupunguze mwendo," Asnath alisema.

"Alisema yako," Raheli alihema. "Hakusema yangu."

Walicheka mpaka wakashikana. Kesho yake walitembea tena, na siku zilizofuata. Siku nyingine Asnath alitembea na wifi wa kati, siku nyingine na mdogo. Alianza kupika mwenyewe. Alichuma mnafu bondeni, akaupika na maharage, kwa mafuta ya kijiko tu. Mwanzoni njaa ilimsumbua. Ilipokuja, alikula tunda au alikunywa maji, akangoja saa ya chakula. Kuna siku alikula kupita kiasi msibani, akasikitika. Nesi alimwambia asijilaumu, aendelee kesho.

Kisha mbiu ya msaragambo ikalia. Mfereji wa kijiji ulikuwa umejaa tope. Asnath alichukua jembe lake, akatoka na watu. Njiani mzee mmoja alimnyang'anya.

"Mgonjwa huyu anakwenda wapi? Eliezeri hana huruma?"

"Mrudishie jembe lake, baba!" Raheli alipaza sauti kutoka nyuma. "Mgonjwa gani? Huyo ananiacha mimi njiani kila asubuhi!"

Watu wakacheka, na jembe likarudi. Asnath alizoa tope, akapumzika alipochoka, akazoa tena. Maji safi yalipoanza kutiririka, alichovya mikono. Yalikuwa ya baridi, yametoka juu. Alisimama hapo muda mrefu, hasikii kelele za watu.

Mwili ulipungua pole pole. Hakuwa mwembamba kama wakati wa usichana wake, wala Nesi hakumtaka awe hivyo. Lakini magoti yaliacha kuuma. Magauni yalifungika. Kilima cha nyuma ya kijiji alikipanda huku anazungumza. Nesi alimsikiliza tena kifua, akampima kwenye mizani, akatabasamu.

"Nenda kwa mama," alisema. "Usikimbie. Lala njiani."

Asnath aliondoka na Raheli kabla mvua hazijaanza. Walipanda polepole. Palipokuwa na mwinuko mkali walisimama, wakanywa maji, wakaendelea. Walilala kwa jamaa katikati ya safari. Kesho yake ukungu uliwapokea. Kila kitu kilikuwa cheupe na kimya. Migomba ilitokea mbele yao, ikapotea nyuma yao. Mahali fulani maji yalikuwa yakiteremka, hayaonekani. Asnath alijigusa mkono.

"Wifi, tuko macho?"

"Miguu yangu inauma," Raheli alijibu. "Katika ndoto miguu haiumi."

Hezroni aliwaona wakitokea kwenye ukungu. Alidondosha kuni alizobeba. Asnath alijiwekea kidole mdomoni, kumwashiria asiseme neno.

Mama yao, Bibi Lukia, alikuwa amekaa mlangoni karibu na moto. Alikuwa amekonda na kusinyaa sana. Alikuwa amejifunga kaniki nyeusi ya msiba.

"Nani anapanda?" aliuliza.

"Shikamoo, mama. Ni mimi, Asnath."

Bibi Lukia hakusogea. "Hezroni, umeleta mtu aige sauti ya mwanangu? Hata wewe?"

Asnath alipiga magoti, akaichukua mikono ya mama yake, akaiweka usoni pake. Mikono ilipita kwenye paji la uso, kwenye masikio, kwenye shingo. Ilifika mabegani, ikasimama.

"Huyu ana nyama," Bibi Lukia alisema. "Mwanangu alipochukuliwa alikuwa mifupa. Alikuwa akikohoa mpaka nikasikia mbavu zake."

"Nimepona, mama."

"Umekuja kwa lori?"

"Kwa miguu. Toka Hedaru."

"Kwa miguu?"

Bibi Lukia alimvuta. Aliweka sikio lake kifuani kwa Asnath, akasikiliza. Raheli alishika mdomo kwa mikono miwili. Kifua cha Asnath kilipanda na kushuka, kilipanda na kushuka, bila mkoromo wala kikohozi.

"Amepanda mlima wote ule," mama alisema polepole, "na anapumua hivi."

Akaanza kulia. Alilia kama mtoto, akimshika bintiye kichwa, akilitaja jina lake tena na tena. Asnath naye alilia. Hezroni alienda kusimama nje.

Machozi yalipokauka, Bibi Lukia alipapasa fundo la kaniki yake. Vidole havikuweza kulifungua.

"Nivue hii," alimwambia Asnath. "Nani amefiwa hapa? Leta kanga yangu ya maua, iko kwenye sanduku. Kisha unishike mkono tutoke nje, tupite nyumba moja baada ya nyingine. Mimi siwezi kuwaona majirani, lakini nataka niwasikie wakikuona."

Asnath alimvua kaniki, akamfunga kanga ya maua. Wakatoka. Mama alitembea hatua fupi fupi, na binti aliufuata mwendo wake. Walizungumza njia nzima.